Simu inanambia nimefika, dema halipo. Vipi nitaijaribu GPS yake?

MtegaDema (Pemba)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mie niko kaskazini ya Pemba, upande wa Micheweni. Baba yangu ni mtega madema, ile mitego ya samaki ya kusuka, tangu kabla sijazaliwa. Madema yetu hatuyawekei chelezo juu, maana ukiweka chelezo umemuonesha kila mpita njia pahala pa kuiba. Baba huyajua kwa kuangalia nchi kavu: mvinje mmoja mrefu aupange na mnara wa msikiti, na upande wa pili kichwa cha jabali kiguse ukingo wa mikoko. Vikikaa sawa hutia nanga, huvaa miwani, huinamisha uso majini, na dema lile pale. Sasa macho yake yamefanya ukungu, mvinje hauoni tena, na mie jicho lake sikurithi. Nikasema simu itatusaidia.

Wiki iliyopita tumetega madema sita, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana. Kila tulipoliachia moja, nilifungua mfuko wa plastiki, nikatoa simu, nikasubiri iwake, nikasoma namba na kuandika kwenye daftari. Siku ya tatu tukarudi. Mawili ya mwanzo tumeyaona baada ya kuzunguka kidogo. La tatu ndilo lililotuadhibu. Simu inasema nimefika, pembeni imeandika usahihi mita 4. Nimezamia mara tatu, chini mchanga na majani matupu. Tumelikuta baadae, chombo kikiwa bado kwenye nanga pale pale simu iliposema. Nikaogelea na kamba mpaka juu ya dema, nikairudisha na kuipima kwa mikono: pima kumi na nane. Baba hakunambia kitu. Alikaa tu anautazama upande wa mvinje.

Simu nimeinunua laki tatu na nusu, haina mwaka. Kule tunakotega mtandao haushiki. Ninachotaka kujua: simu hii ni mbovu? Ile "mita 4" ni ya kuaminiwa? Na vipi ntaipima mwenyewe, kabla sijakwenda kukopa nikanunue kifaa cha GPS cha mkononi?

Namba zangu kamili siziweki hapa, mtanisamehe, ni riziki ya nyumba. Lakini naandika latitudo na longitudo kwa nyuzi, na tarakimu nne baada ya nukta.

Mpima_Mstaafu (Unguja)

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimefanya kazi ya upimaji ardhi miaka mingi, na nimefurahi kwa kuwa umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umechukua kamba ukapima kosa. Pima kumi na nane ni kama mita 33. Sasa tuna kitu cha kuzungumzia.

Kwanza daftari lako. Digrii moja ya latitudo ni karibu kilomita 111. Kwa hivyo tarakimu ya nne baada ya nukta ina uzito wa mita 11, na ya tano ni mita 1 na kidogo. Ukiandika nne na kuziacha zilizobaki, umeitupa hadi mita 11 kaskazini-kusini na hadi mita 11 mashariki-magharibi, na hilo ni kosa la kalamu, simu haimo. Andika tano. Ya sita ni ya sentimita 11, simu haina uwezo huo, usijisumbue nayo. Bora zaidi usiandike kabisa: hifadhi alama ndani ya programu yenyewe, kisha daftari liwe akiba.

Pili, hiyo mita 4. Si ahadi kwamba hutotoka nje ya mita 4. Kwenye simu za Android maana yake ni kwamba simu inakadiria asilimia 68 uko ndani ya duara la nusu kipenyo hicho. Yaani katika madema sita, hata simu ikiwa kweli tupu, mawili takriban yatakuwa nje ya duara. Na ni makadirio ya simu kuhusu nafsi yake. Shahidi hajipimi mwenyewe. Wamarekani wenye mfumo wa GPS, kwenye tovuti yao ya serikali, wanasema simu kwa kawaida hufika ndani ya mita 4.9 chini ya anga wazi, na baharini anga iko wazi kuliko pahala popote. Kwa hiyo mita 33 ni nyingi mno kuitwa tabia ya GPS. Kuna kitu chengine.

Namna ya kuijaribu. Tafuta pahala pa wazi ambapo unaweza kurudi bila ya shaka hata ya kiganja kimoja: pembe ya saruji ya mlingoti wa bendera ya skuli, au jiwe la bikoni la upimaji kama lipo karibu. Weka simu kwenye hali ya ndege ili minara ya mtandao na Wi-Fi visiisaidie, kwa sababu baharini havitokuwepo. GPS yenyewe inaendelea kufanya kazi. Iweke simu juu ya saruji, uso umeangalia mbinguni, wewe kaa pembeni. Mwili wako ni maji matupu, unaziba nusu ya anga. Subiri dakika tatu. Satelaiti hurudia kutangaza njia yake kila sekunde 30, na simu isiyo na mtandao inabidi izisikie hizo tangazo kwa ukamilifu kutoka satelaiti nne au zaidi ndipo ijue ilipo. Kisha andika.

Sasa hapa ndipo watu wanapokosea: hukaa pale pale wakaandika namba mia ndani ya dakika mbili, wakaona hazichezi, wakasema simu ni nzuri. Makosa ya GPS hayabadiliki kila sekunde, yanajikokota polepole. Namba mia za dakika mbili ni kama namba moja. Tena simu nyingi zikihisi umesimama huigandisha alama isitikisike. Ondoka, tembea hatua mia, rudi, andika. Rudi jioni. Rudi kesho yake saa nyengine. Na usende kila siku saa mbili asubuhi kamili: mpangilio wa satelaiti za GPS juu ya kichwa chako hujirudia kila baada ya saa 23 na dakika 56, kwa hivyo saa ile ile ya kesho ni karibu mtihani ule ule wa leo. Badilisha nyakati, na mojawapo iwe baada ya magharibi. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua likishatua tabaka la juu la hewa lenye umeme huvurugika kuliko kwengine, ishara zikapinda.

Ukipata namba kumi na mbili, tafuta wastani wake, kisha umbali wa kila moja toka kwenye wastani. Kwa aliyeko Pemba hesabu ni nyepesi, kwa sababu karibu na ikweta digrii ya longitudo nayo ni karibu kilomita 111. Namba ikitofautiana kwa 0.00003 upande mmoja na 0.00004 upande mwengine, hiyo ni mita 3.3 na mita 4.4, pembetatu yake inakupa mita 5 na nusu.

Vespa_Darajani

Mie napeleka vyakula Mji Mkongwe na nataka kumwambia ndugu wa Pemba ashukuru bahari. Huku kwetu simu ikiingia kichochoro cha Hurumzi inanionesha niko Kiponda, nyuma ya nyumba nzima. Nimewasha kurekodi njia siku moja kutoka Forodhani mpaka Mkunazini: Forodhani mstari umenyooka, nikiingia ndani mstari unapita juu ya mapaa na vyumbani mwa watu. Nikitoka uwazi wa Darajani unakaa sawa tena. Simu ile ile, siku ile ile. Kwa hiyo ukiijaribu, ijaribu pahala panapofanana na kazi yako, sio chini ya ukuta.

Mpima_Mstaafu (Unguja)

Umesema kweli kijana. Ishara inasafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde na simu inapima umbali kwa kuhesabu muda. Ishara ikigonga kwanza ukuta wa mawe na chokaa ndipo ikaingia kwenye simu, imetembea njia ndefu zaidi, na ikichelewa kwa sehemu moja tu ya milioni kumi ya sekunde hiyo ni mita 30. Vichochoro vile vinaonesha utepe mwembamba wa anga, zilizobaki zote ni ishara za kudunda.

Salum_K

Pakua programu ya kuongeza nguvu ya GPS, zipo nyingi za bure. Mie imenisaidia, inashika haraka.

Mpima_Mstaafu (Unguja)

Salum, kushika haraka na kushika sawa ni mambo mawili. Jambo kubwa ambalo programu hizo zinaliweza ni kupakua upya taarifa za njia za satelaiti kupitia intaneti. Antena iliyomo ndani ya simu haiwezi kukuzwa na programu. Kwa kutazama tu kinachoendelea, programu kama GPSTest inatosha: inakuonesha satelaiti ngapi zinasikika, za GPS, za GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na kila moja ina nguvu kiasi gani. Tena itakuonesha kama simu inapokea masafa mawili, L1 na L5. Simu ya mwanzo ya namna hiyo ilitoka 2018, Xiaomi Mi 8, na siku hizi zimeenea. Zenye masafa mawili hustahamili mdundo wa kuta na vurugu za tabaka la juu vizuri zaidi.

NahodhaNungwi

Mtega dema, nimeisoma khabari yako mara mbili na naona mpima amekujibu ya nchi kavu. Mie nakuuliza la baharini. Umesema mmetega maji ya bamvua. Umesema mkishaliachia dema ndipo unafungua mfuko, unatoa simu, unasubiri iwake. Chombo kilikuwa kwenye nanga wakati huo?

MtegaDema (Pemba)

Hapana kaka. Baba huliachia tukiwa tunaelea, kisha tunakwenda kwenye jengine.

NahodhaNungwi

Basi hapo ndipo. Mkondo wa noti moja tu, na bamvua hufika huko na kupita, ni maili moja ya bahari kwa saa, mita 1,852. Gawa utapata nusu mita kila sekunde. Mfuko, simu, kusubiri, tuseme sekunde 40. Chombo kimeshakwenda mita 20 na dema liko lilipoangukia. Ongeza zile mita za daftari alizokwambia mzee, pima zako kumi na nane zimetimia. Simu ilikuandikia sawa pahala ulipokuwa wewe. Hukuwa tena juu ya dema.

Simu iwe wazi, imeshashika satelaiti, tangu mnatoka bandarini. Mmoja ashike dema, mmoja ashike simu, na alama ibonyezwe mkono unapoachia. Kama mko wawili tu, piga "yallah" na ubonyeze kwanza ndipo baba aachie.

Mama_Mwani (Jambiani)

Mwanangu wa Pemba, mimi ni mkulima wa mwani, sina elimu ya satelaiti lakini jambo hili limetutoa machozi wanawake. Kusi likivuma sana hung'oa mambo, vile vijiti vya kufungia, na kamba, maji yakipwa huijui tena sehemu yako imeanzia wapi, na ugomvi huanzia hapo. Binti yangu akachukua simu akaandika pembe nne za kila shamba. Tulipokwenda kuhakikisha siku nyengine, pembe moja ilitofautiana hatua sita, na kwetu hatua sita ni kamba nzima ya mtu mwengine.

Tukafanya hivi: simu inatupeleka jirani na pembe moja tu, ile iliyo karibu na jiwe kubwa lisilong'oka. Kutoka jiwe hilo tunapima kwa kamba yenye mafundo. Hatumuulizi tena simu mpaka wa nani ni upi. Wala hatuishiki mkononi, tunaifunga kwenye mfuniko wa ndoo iliyopinduliwa, tunakwenda kando, tunahesabu mpaka mia mbili. Zikitofautiana siku mbili tunachukua siku ya tatu.

MtegaDema (Pemba)

Ahsanteni sana, shangazi, na wazee wote. Nimefanya kama mlivyosema, imenichukua siku tano, nawaletea matokeo kama nilivyoyaandika.

Nimetumia pembe ya saruji ya mlingoti wa skuli. Namba kumi na mbili: asubuhi, mchana, alasiri, na tatu baada ya isha. Tisa ziko ndani ya mita 4 kutoka wastani. Mbili ziko mita 6 na mita 7, zote za usiku. Moja iko mita 13, na hiyo niliiandika makusudi mara tu baada ya kuitoa simu mfukoni, sikusubiri. Wakati ule simu iliandika usahihi mita 5.

Nimekopa tepu ya mita 50 kwa fundi mmoja, nikapima kwenye kiwanja cha mpira, vigingi viwili. Simu imenipa mita 48.8 kwenda na mita 51.1 kurudi. Kisha nikaazima simu ya kaka yangu, ni ya bei zaidi na inapokea masafa mawili. Namba zake kumi kati ya kumi na mbili ziko ndani ya mita 2 na nusu.

Jambo moja limenishangaza. Nimeangalia wastani wangu juu ya picha ya satelaiti kwenye ramani ya simu, nukta imekaa mita kama 5 kusini ya mlingoti. Simu zote mbili, upande ule ule. Kwa nini?

Mpima_Mstaafu (Unguja)

Mashaallah, umefanya kazi safi. Jibu la swali lako: simu mbili tofauti zikikosea upande mmoja kwa kiasi kimoja, mtuhumiwe picha kwanza. Picha za angani hubandikwa juu ya ramani na zinaweza kuteleza mita kadhaa. Tangu 2016, katika mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, Unguja na Pemba zimepigwa picha kwa droni, na picha hizo zimewekwa wazi kwenye OpenAerialMap. Linganisha na hizo pia, utaona pembe za kuta waziwazi. Lakini nazo ni picha, zichukue kama shahidi wa pili.

Na mtu asikupe ramani ya zamani ya karatasi ukachukua namba zake ukazitia kwenye simu. Ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania zimechorwa kwa msingi wa kuhesabia namba uitwao Arc 1960, simu inatumia mwengine, WGS84, na baina yao kwetu ni karibu mita 300. Nimeona watu wakichimba pasipo kwa sababu hiyo. Urefu kutoka usawa wa bahari nao uache. Simu zinazotoa urefu bila ya kuusahihisha zitakwambia umekaa ufukweni na uko zaidi ya mita 20 chini ya maji, kwa sababu zinapima kutoka umbo la hesabu la dunia.

Nilipoanza kushika GPS, Wamarekani walikuwa bado wanaichafua kwa makusudi ishara ya raia, makosa yakifika mita mia. Wameacha Mei 2000. Wewe una mita 4 kwa simu ya laki tatu na nusu. Kwako wewe hata ile tofauti na picha haina dhara: hutafuti namba ya kweli ya dunia, unataka kurudi ulipokuwa. Swali lako ni moja tu. Ukiinamisha miwani majini, unaona umbali gani?

MtegaDema (Pemba)

Maji yakiwa safi, pima tano au sita kila upande. Yakichafuka, pima mbili.

Mpima_Mstaafu (Unguja)

Basi maji safi simu yako inatosha na kukopa usikope. Yakichafuka itakushinda, na kifaa cha mkononi cha bei ya kawaida nacho kitakushinda vile vile.

MtegaDema (Pemba)

Nimerudi. Juzi tumetega sita tena, maji mafu safari hii, mkondo mdogo. Simu nimeiwasha tangu tunasukuma chombo, nimeifunga juu ya ubao wa mbele, uso juu, nami nimebonyeza alama wakati mkono wa baba unaachia. Leo asubuhi tumerudi.

Matano tumeyaona kwa kuinamisha uso mara moja. La sita halikuonekana. Nikamuuliza baba mvinje na mnara vilikuwa vimekaaje tulipoliachia, akanambia mvinje ulikuwa bado haujagusa mnara, umebaki upana wa kidole. Nikamsomea mie kinachoonekana, yeye akaelekeza: kushoto, kushoto kidogo, basi. Lilikuwa pima tano kutoka alama ya simu. Ndani mna tasi kumi na moja na changu wawili.

Njiani kurudi ameniambia nizungushe simu nipige picha mvinje na mnara kila tunapotega, niiweke pamoja na alama. Kesho naanza hivyo. Shangazi wa Jambiani, kamba yenye mafundo nimeshaifunga, mafundo kila pima moja.